Vipodozi: wapi ufungue pochi na wapi ubane

Klenza ya bei mbaya na klenza ya bei ya chini zote zinaishia sehemu moja, kwenye bomba la sinki. Zinakaa usoni nusu dakika, sana sana dakika moja, alafu maji yanabeba. Hapo ndo pa kuanzia ukitaka kuamua wapi utoe hela na wapi ubane, achana na jina la brandi na uzito wa chupa, jiulize hiki kitu kinakaa mwilini muda gani, na kukitengeneza vizuri ni kazi ngumu kiasi gani. Alafu kuna swali la tatu ambalo wengi wanaliruka: nikikinunua kwa bei hii nitakipaka kwa kiasi kinachotakiwa, au nitaanza kukidondosha kimatone matone kama dawa ya macho? Mana kitu cha gharama ukikibania hakikufanyii kazi, na hela umeshatoa.

Naenda kimoja kimoja, cha bei upande huu cha kawaida upande ule. Sitavipa vyote nafasi sawa, vingine havina maneno mengi.

Klenza: bana

Ya kawaida inashinda bila jasho. Kazi yake ni kutoa mafuta, jasho na vumbi bila kuacha uso umekakamaa, basi. Za bei zinajazwa vitamini C, retino (retinol, aina ya vitamini A), sijui dondoo za maua gani, vyote vinaoshwa kabla havijakaa. Cha kuangalia ni ukali wake. Ngozi ya uso ina asidi kidogo, pH yake inacheza kwenye 5 hivi, na sabuni nyingi za kipande za kawaida ziko 9 mpaka 10, ndo mana ukiosha nazo uso unavuta. Klenza ya jeli au ya maziwa iliyoandikwa pH iko karibu na 5.5 inatosha kabisa hata kama chupa yake ni plastiki mbaya mbaya.

Kuna klenza ambayo dawa yake ina maana hata ikioshwa, ile ya chunusi yenye benzoyl peroxide, hio iache usoni dakika mbili tatu ndo uoshe. Na hata hapo usilipie namba kubwa. Asilimia 2.5 ilipolinganishwa na 5 na 10 kwenye chunusi zilizovimba zilifanya kazi karibu sawa, tofauti ni kwamba ya 10 inaunguza na kukausha zaidi. Halafu inachuja rangi ya taulo na mashuka, tumia nyeupe.

Krimu ya kulainisha: bana pia, ila soma lebo

Hapa ndo watu wanaliwa hela. Chukua krimu mbili uziweke pembeni pembeni. Ya kwanza iko kwenye kikopo kizito cha kioo chenye mfuniko wa rangi ya dhahabu, ya pili iko kwenye tyubu ya plastiki. Zigeuze usome viambato. Ya kioo: maji, gliserini, dimethicone, cetyl alcohol, phenoxyethanol, alafu ndo yanakuja dondoo la waridi, collagen, lulu ya unga. Ya tyubu: maji, gliserini, petrolatum, cetearyl alcohol, seramidi, phenoxyethanol. Sa angalia vizuri. Viambato vinaandikwa kuanzia kilichopo kwa wingi kushuka chini, mpaka kufika asilimia 1, vilivyo chini ya hapo kampuni inaruhusiwa kuvipanga inavyotaka. Na phenoxyethanol, ambayo ni ya kuzuia krimu isioze, Ulaya haziruhusu izidi asilimia 1. Kwahiyo kwa kawaida kinachotajwa baada yake kiko chini ya asilimia 1. Lile waridi na ile lulu uliyoona imeandikwa kwa herufi kubwa mbele ya kikopo, ni chembe tu. Kilichokulainisha ngozi ni gliserini na dimethicone, na gliserini iko kwenye zote mbili.

Simaanishi kila kilicho chini ya 1 ni bure, retino kwa mfano inafanya kazi kwa kiasi kidogo sana, seramidi pia hazihitaji kuwa nyingi. Ila lulu? Haya.

Na collagen (protini inayoipa ngozi uimara) ya kupaka usiilipie kabisa kwa ahadi ya kurudisha collagen iliyopungua ndani ya ngozi. Chembe yake ni kubwa mno. Watu wa ngozi wana kipimo cha kukadiria, kitu kikizidi Dalton 500 (Dalton ni kipimo cha uzito wa chembe) hakipenyi kirahisi, collagen nzima iko kama Dalton 300,000. Inakaa juu, inashika maji, inalainisha, kazi ambayo gliserini inaifanya kwa bei ya chini.

Ngozi ikiwa kavu mpaka inapasuka mi sioni cha gharama kinachoizidi petroli jeli ya kawaida ikipakwa juu ya ngozi yenye unyevu. Robert Chesebrough aliisajili Vaseline Marekani mwaka 1872 na mpaka leo haijapata mpinzani wa maana kwenye kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi. Shida yake ni kwamba inateleza na kung'aa, kwahiyo wengi wanaiwekea usiku. Hapo ndo krimu ya bei ina hoja yake ya kweli, inafyonzwa haraka, haing'ai, mekapu inakaa juu yake vizuri. Ukilipa, jua unalipia raha ya kupaka, na raha sio dhambi.

Krimu ya macho nayo, jamani. Mara nyingi ni krimu ya uso ile ile kwenye kikopo kidogo cha ml 15 kwa bei ya ml 50. Kama krimu yako ya uso haina harufu na haikuwashi, ipitishe na chini ya jicho maisha yaendelee.

Sanskrini: hapa lipa, lakini kwa akili

Watu wanadhani kulipa kwenye sanskrini ni kulipia namba ya SPF, kipimo cha kinga ya jua. SPF 30 inazuia kama asilimia 97 ya miale ya UVB (ile ya jua inayobabua ngozi), SPF 50 kama asilimia 98. Tofauti ni asilimia moja. Hesabu yenyewe hio imepimwa maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita mraba, kiasi ambacho watu wengi hawakifikii hata nusu. Kwa uso peke yake ni mistari miwili mirefu kwenye vidole viwili, au tuseme robo ya kijiko cha chai.

Sa piga hesabu. Robo kijiko ni kama ml 1.25. Tyubu ya ml 50 inakupa mara 40. Ukipaka mara moja kwa siku haifiki mwezi na nusu, na ukiwa mtu wa kushinda nje inatakiwa urudie kila masaa mawili, hapo hata wiki mbili ni ndefu. Sasa yule ambaye tyubu moja ya gharama imemkalia nusu mwaka, amekua anapaka nini? Ndo nilichosema mwanzo, bei imemfanya abanie, na SPF 50 iliyopakwa kiduchu ulinzi wake unashuka vibaya mno. Sanskrini ya SPF 30 ya bei ya kati unayojimwagia bila kuumia roho inamlinda mtu kuliko SPF 50 ya kifahari inayotolewa kwa kujipima.

Kwahiyo kwanini nasema lipa? Kwasababu sanskrini ni ngumu kutengeneza. Ichanganye vibaya inatoka mabaka usoni, inajikunja vipande vipande juu ya krimu, inachoma macho ukitoka jasho, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi inatuacha na rangi ya majivu, hasa zile za madini ya zinki na titani. Ukishaonekana hivo mara mbili huipaki tena. Hela ya kuongeza iende kwenye hilo, fomula ambayo utaivaa kila siku, sio SPF 100. Na hakikisha imeandikwa inazuia UVA pia (miale mingine ya jua, inayopenya ndani zaidi), kwa maneno au kwa ile alama ya UVA ndani ya duara, au PA yenye vijumlisho vingi, mana namba ya SPF yenyewe inaongelea UVB tu.

Wenye madoa meusi yasiyoisha wasikilize hapa. Madoa ya aina ya melasma hayachochewi na UV peke yake, hata mwanga wa kawaida unaoonekana unayaamsha, na sanskrini isiyo na rangi haiuzuii vizuri. Inayouzuia ni yenye rangi, ile iliyotiwa oksidi za chuma. Kama una hela ya bidhaa moja tu ya kujilipua, na tatizo lako ni madoa, weka kwenye sanskrini yenye rangi inayofanana na wewe kabla hujaenda kununua seramu tatu za kuyafuta. Unafuta huku jua linachora, lini utamaliza?

Seramu: inategemea ipi

Hapa kusema bana au lipa kwa ujumla haiwezekani, lazima utenganishe.

Niacinamide bana. Ni imara, inayeyuka kwenye maji, haiharibiki ovyo, na asilimia 4 au 5 inatosha. Hakuna ufundi mkubwa wa kulipia. Zile za 10 na kuendelea zinawawasha wengine bure.

Hyaluronic acid bana. Siku hizi inatengenezwa kwa kuchachusha bakteria, haina uadimu wowote. Ipake uso ukiwa na majimaji alafu funika na krimu, ukiipaka kavu alafu ukaiacha hivo hivo usishangae uso unavuta.

Salicylic acid bana. Asilimia 0.5 mpaka 2, ya bei rahisi na ya bei ghali zinafungua vitundu vile vile.

Vitamini C ndo mwenye kiburi. Ile halisi, L-ascorbic acid, inataka iwe asilimia 10 mpaka 20, pH chini ya 3.5 ili ipenye, alafu haipendi hewa, haipendi mwanga, haipendi joto. Kuituliza ni kazi ya kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Sheldon Pinnell na wenzake, walichapisha mwaka 2005 kwamba asilimia 15 ya vitamini C ikichanganywa na asilimia 1 ya vitamini E na 0.5 ya ferulic acid inatulia zaidi na ulinzi wake kwenye mwanga unaongezeka maradufu. Ndo fomula iliyoipa jina brandi ya SkinCeuticals, na ndo mana bei yake iko juu vile. Leo brandi nyingi zina mchanganyiko wenye namba hizo hizo kwa bei ya chini sana, kwahiyo cha kulinganisha ni namba hizo tatu na chupa. Chupa ya kahawia au isiyopitisha hewa, sawa. Chupa ya kioo cheupe chenye dropa kubwa inayofunguliwa kila asubuhi, hata ikiwa ya bei gani, kuna siku utaiona imegeuka rangi ya chungwa kisha kahawia, hapo imeshakufa. Nunua chupa ndogo umalize haraka. Ukiona huwezi kuitunza, chukua aina zilizotulizwa kama sodium ascorbyl phosphate, ni pole zaidi, ushahidi wake ni mdogo zaidi, lakini angalau hazikufii kabatini.

Retino sasa, hapa kuna kichekesho. Retino ya dukani ikifika kwenye ngozi inabidi ibadilishwe mara mbili, iwe retinaldehyde kwanza alafu retinoic acid, na njiani inapungua nguvu. Tretinoin yenyewe ndo retinoic acid, haina safari, ilianza kuruhusiwa Marekani mwaka 1971 kwa ajili ya chunusi, ni dawa kongwe, na tyubu yake isiyo na jina la kifahari mara nyingi ni rahisi kuliko seramu ya retino ya kwenye kaunta ya marashi. Kwahiyo mtu analipa zaidi apate kidogo. Ila ni dawa, nchi nyingi inataka cheti cha daktari, inachubua na kuwasha wiki za mwanzo, na mjamzito hatakiwi kuigusa, wala retino ya aina yoyote. Kwa wenye chunusi kuna adapalene asilimia 0.1, Marekani iliruhusiwa kuuzwa bila cheti mwaka 2016, pole kuliko tretinoin na inavumilia mwanga. Mi ningeiweka hio hela ya seramu ya kifahari kwenye kumuona daktari wa ngozi mara moja. Kama ngozi yako ni nyepesi sana na tretinoin inakushinda, hapo ndo retino nzuri ya bei, iliyofungwa kwenye tyubu ya alumini isiyopitisha hewa, ina sababu ya kununuliwa.

Mekapu

Faundesheni lipa, na sababu ni rangi tu. Kwenye bei za chini uchaguzi wa rangi unaishia pale ambapo ngozi nyingi ndo zinaanza, alafu chache za giza zilizopo unakuta zote zina wekundu au zote zina kijivu. Fenty Beauty ya Rihanna ilipotoka mwaka 2017 na rangi 40 kwa mpigo, brandi kubwa zilijikuta zinaongeza zao haraka haraka, na hali imekua nafuu, hata kwenye za bei ya kati. Ukipata rangi yako kwenye ya bei ndogo, hamna haja ya kupanda juu. Ila faundesheni ya bei ndogo ambayo ni karibu na rangi yako ni hasara kuliko ya ghali ambayo ni yako.

Kuijaribu usijaribie mkononi, mkono una rangi nyingine. Chora mistari mitatu kwenye taya kushuka shingoni, toka nje kwenye mwanga wa mchana, usubiri robo saa hivi. Kwanini usubiri? Kwasababu nyingi zinageuka zikikutana na mafuta ya ngozi na hewa, ile uliyoiona ni yenyewe inakua nyekundu au inatia giza. Mstari uliopotea ndo wa kununua. Ikionekana kama vumbi jeupe mara nyingi imejaa titani, iache hata kama ina ofa.

Maskara bana tena bana sana. Inatakiwa ubadilishe kila miezi mitatu hivi kwasababu brashi inaingia na kutoka na bakteria wa jicho, sasa utanunua ya gharama ukaitupe robo imebaki? Hutaitupa, ndo shida yenyewe. Kinachotofautisha maskara ni brashi na mtu unachagua tu iliyokaa na kope zake. Kumbuka pia Lancôme na Maybelline zote ni za L'Oréal, upande mmoja ghali upande mmoja rahisi, mwenye nyumba mmoja.

Lipstiki ni nta, mafuta na rangi, nunua unachopenda, bei haibadilishi mengi isipokua zile za kukaa siku nzima, ambazo hata za bei ndogo zinakausha midomo sawa sawa na za ghali. Poda bana. Rangi ya kucha bana. Sponji bana, na ioshe, na itupe ikianza kuchanika. Brashi mbili tatu nzuri za nyuzi za kutengenezwa lipa mara moja, zitakukalia miaka kama unaziosha, hizo zingine kumi na tano kwenye seti utaishia kuzipigia picha.

Nywele

Shampuu iko kundi moja na klenza, inaoshwa. Kondishona nayo inaoshwa lakini inaacha kitu nyuma, na hicho kitu, cetrimonium chloride, behentrimonium, dimethicone, kipo kwenye za bei ndogo kama kilivyo kwenye za saluni. Hela ya nywele ipeleke kwenye pasi ya kunyoosha nywele. Pasi ya bei chee ina swichi ya kuwasha na kuzima tu, hujui iko nyuzi ngapi, na vibao vyake vina sehemu zinachoma kuliko zingine kwahiyo unarudia rudia mstari ule ule mpaka ulainike. Ya bei ina namba, unaishusha. Nywele nyembamba au zilizotiwa rangi hazihitaji hata kufika 180, na pasi nyingi zinapanda mpaka 230, joto ambalo linaunguza nywele kabisa. Nywele iliyoungua hairudishwi na maski yoyote, unakata. Kwahiyo pasi moja nzuri ni nafuu kuliko maski za kurekebisha za mwaka mzima.

Pafyumu

Ghali haimaanishi inadumu. Angalia kilichoandikwa, eau de toilette huwa kama asilimia 5 mpaka 15 ya manukato, eau de parfum 15 mpaka 20 hivi. Ya ndimu ndimu inayeyuka haraka hata ukilipia kiasi gani, ya mbao na vanila inakaa. Paka losheni isiyo na harufu kwanza, inashika zaidi.

Pale ambapo kubana ni hatari

Kuna bidhaa ambazo sio za kujadili bei. Krimu ya kung'arisha isiyo na orodha ya viambato, mara nyingi haina hata jina la kiwanda, inaweza kua na zebaki, steroidi kali au hidrokwinoni isiyopimwa. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwanzoni uliweka zebaki kwenye vipodozi isizidi sehemu moja kwa milioni, alafu mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kupiga marufuku vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki ifikapo 2025, na hawa wanaouza kwenye vikopo visivyo na lebo hawapimi chochote. Zebaki inaenda kwenye figo. Kwenye lebo tafuta maneno kama mercury, mercurous chloride, calomel, na ukikuta onyo kwamba isiguse dhahabu wala fedha wala aluminiamu, iweke chini. Wanja usio na lebo nao unaweza kua na risasi, na unaupaka ndani ya jicho.

Alafu feki. Cha ghali ndo kinachoigwa, hakuna anayehangaika kuiga petroli jeli. Seramu ya jina kubwa ikiuzwa nusu bei mtandaoni, hujabana, umenunua kitu kingine. Linganisha namba ya bachi kwenye boksi na ya kwenye chupa, kama hazifanani rudisha. Kama bei ya ile ya kweli inakushinda, tafuta saizi ndogo ya ml 10 au 15 kwa muuzaji anayeeleweka, hata kama kwa mililita inatoka ghali zaidi, utajua ngozi yako inaitaka au haiitaki kabla hujatoa hela ya ml 50.